Kabla ya Barua ya Posa

Mke mwenzangu,

Ujumbe wako umenifikia, na maneno ya huyo kijana uliyoyabandika chini yake nimeyasoma pia. Anaandika vizuri, hilo simnyimi. Anasema amekua, anajutia mambo ya shule ya msingi, ulikuwa utani wa kitoto, yaliyopita si ndwele, na kama huna kinyongo angependa kumtuma mshenga nyumbani. Wewe unaniuliza, Bibi unasemaje? Halafu kabla sijasema lolote unanihadithia riwaya unayoisoma kwenye simu: binti wa mchungaji katika Uingereza ya zamani, na mtoto wa kabaila aliyekuwa akimsukumia matopeni walipokuwa wadogo. Miaka inapita, kijana anarudi kutoka vitani ana kovu shavuni na cheo cha urithi, wanacheza muziki usiku mmoja, kinyongo chote kwisha. Unasema ulilia mpaka mwenzako wa chumbani akaamka.

Lia, mama. Nimefundisha fasihi mpaka nikastaafu, na sijawahi kumcheka mwanafunzi aliyelowesha ukurasa. Ila nina swali kwa riwaya yako, na ndilo nitakalomuuliza huyo wako: kijana alifanya nini? Ukimwondolea kovu, farasi na koti, amemfanyia nini yule binti tangu siku ya matope? Riwaya nyingi za namna hiyo zinatuingiza moyoni mwa msichana, tunauona ukilainika ukurasa baada ya ukurasa, na mvulana hana kazi ila kupendeza.

Kuna na jingine zinalolificha. Waandishi hao wanapenda sana ile miaka ya 1811 hadi 1820, pale mwana wa Mfalme George wa Tatu alipotawala kwa niaba ya baba yake aliyeugua akili. Nguo zilikuwa nzuri, nakubali. Lakini kwa sheria ya Uingereza ya wakati ule mke na mume walihesabiwa kuwa mtu mmoja, na huyo mmoja alikuwa mume. Fedha za mke, samani zake, hata ujira wa kazi ya mikono yake, vyote vya bwana. Bunge lilianza kulegeza mwaka 1870, na hadi 1882 ndipo mke akaruhusiwa kumiliki mali yake kama mtu anayejitegemea. Kwa hiyo binti wa mchungaji anapomsamehe yule kabaila na kuolewa naye, anamkabidhi mtu aliyemtia matopeni kila alicho nacho. Mwandishi anakifunga kitabu kwenye harusi. Mimi ningependa kuuona mwaka wa tatu wa ndoa.

Kipo kitabu cha siku nyingi kinachoieleza habari kama hii kwa uaminifu zaidi, na nashangaa hukukutana nacho: Anne of Green Gables. Mwandishi wake ni Lucy Maud Montgomery wa kisiwa cha Prince Edward, Kanada, aliyefiwa na mama kabla hajatimiza miaka miwili, akalelewa na babu na bibi yake kijijini Cavendish. Wachapishaji kadhaa walimrudishia mswada, akautia kwenye boksi la kofia, baadaye akautoa akajaribu tena, ukachapishwa Boston mwaka 1908. Watu hukiita kitabu cha watoto. Wanakisoma haraka.

Anne ni yatima wa miaka 11. Amefika kijijini kwa makosa, maana Matthew na Marilla Cuthbert, kaka na dada wazee ambao hawakuoa wala kuolewa, waliagiza mvulana wa kuwasaidia shambani. Ana nywele nyekundu, na anazichukia kuliko anavyouchukia ufukara wake. Shuleni yupo Gilbert Blythe, anakaribia miaka 14, mzuri wa sura, hajazoea msichana asiyegeuka kumtazama. Siku moja anaukamata msuko wa Anne, anaunyanyua, anamwambia kwa mnong'ono unaosikika na wote: karoti! Anne anachukua kibao chake cha kuandikia na kumpiga nacho kichwani. Kibao kinapasuka.

Kila msomaji anakikumbuka kile kibao. Mimi hukaa zaidi na kinachofuata. Mwalimu Phillips anakuja, anamshika Anne bega, anauliza kuna nini. Anne hajibu, hawezi kulitamka lile neno mbele ya watu. Anayesema ni Gilbert, papo hapo, darasa zima likisikia: kosa ni langu, mimi ndiye niliyemchokoza. Mwalimu hamsikilizi. Anamsimamisha Anne mbele ya ubao hadi jioni, chini ya sentensi inayomtangaza kuwa ana hasira mbaya, na jina lenyewe kalikosea, kaiacha ile herufi ya mwisho ambayo Anne anaihesabu kuwa ndiyo heshima yake. Mchokozi amekaa kwenye dawati, aliyechokozwa ndiye yuko ubaoni.

Hilo sina haja ya kukufafanulia. Ulipokuwa darasa la nne ulikuwa ukikwama kwenye herufi ya kwanza, hasa m na b, na ukisimamishwa kusoma kwa sauti, yeye kule dawati la nyuma anaanza: m-m-m-m. Darasa linaangua kicheko. Mwalimu wako, simtaji na hayupo tena pale, badala ya kumnyamazisha akasema gari leo limekataa kuwaka, wakacheka upya. Mama yako alikwenda kulalamika, akaambiwa watoto wanataniana. Ukaacha kunyoosha mkono. Ulifika darasa la saba unajua majibu yote na hujatoa hata moja.

Sasa linganisha. Gilbert alikiri mbele ya wale wale waliocheka. Huyu wako amekiri kwenye simu yako, usiku, palipo na watu wawili tu. Na uliniambia mwenyewe kwamba lile kundi la WhatsApp la mliomaliza pamoja bado lipo, na wakati wa Idi mtu aliandika lile jina lako la zamani, naye akaweka kikatuni cha kucheka. Pengine kidole kiliteleza. Lakini kama majuto yake ni ya kweli, mahali pa kuyaonyesha anapajua. Hahitaji hotuba. Mstari mmoja pale kundini unatosha: jina hili nililianzisha mimi, lilikuwa ovu, naomba lisitumike tena. Akiweza kuuandika huo bila wewe kumwagiza, nitaanza kumsikiliza.

Anauita utani. Mimi na wewe ni watani, ndiyo maana nakuita mke mwenzangu, nawe unaniambia nimezeeka nikuachie babu. Wapare na Wachaga wanarushiana maneno mazito juu ya ubahili na kupenda pesa, na hakuna anayekwenda polisi. Lakini utani unakwenda na kurudi, nikikutupia nawe unanitupia, na wote tunacheka. Tena una wajibu wake. Mtani anayekusumbua harusini ndiye huyo huyo anayewahi msibani, anashika kazi, anawachekesha wafiwa mpaka wapate kula. Baba yako alipofariki, mkiwa darasa la sita, wenzako walikuja na mwalimu wa zamu na mchango wao kwenye bahasha. Mama yako anasema yeye hakuwamo. Labda aliogopa, labda alizuiwa kwao, mtoto ni mtoto. Ila asiuite utani.

Na hiyo yaliyopita si ndwele ni methali njema kinywani mwa aliyeumizwa. Wewe ukiisema, umetoa. Yeye akiisema, amejipakulia mwenyewe.

Nirudi kwa Anne. Kesho yake anachelewa kuingia darasani baada ya mapumziko, na adhabu yake ni kukaa dawati moja na Gilbert. Gilbert anampenyezea pipi ya waridi yenye umbo la moyo, ina maneno ya kumsifu kwa herufi za dhahabu. Anne anaishika kwa ncha za vidole, anaidondosha chini, anaisaga kwa kisigino. Nilipokuwa nikisimulia kisa hiki darasani wavulana walikuwa wakipiga kelele kwamba ana roho mbaya. Mimi niko upande wake. Ile pipi iliwahi mno. Mtu ametoka kusimamishwa ubaoni jana, leo anapewa sukari. Zawadi ya haraka namna hiyo humsaidia zaidi mtoaji, apate usingizi.

Lakini nisikupe nusu ya kitabu. Inapita miaka miwili hivi, Anne nusura azame bwawani wakati yeye na wenzake wakiigiza kisa cha mashairi. Mtumbwi unavuja, anakumbatia nguzo ya daraja, na anayetokea na mashua ni Gilbert. Akishamfikisha nchi kavu anamwomba kwa mara nyingine: tuwe marafiki, nasikitika kwa lile jina, na nywele zako naziona nzuri. Moyo wa Anne unapiga isivyo kawaida. Karibu aseme ndiyo. Kisha picha ya siku ile darasani inamrudia mbichi kama ya jana, anasema hapana. Gilbert anaondoka na hasira, anaapa hataomba tena, na Anne kabla hata ya kufika nyumbani ameshaanza kujuta. Kinyongo chenyewe kilikuwa kimekwisha, alichokuwa amebaki nacho ni mazoea ya kuwa nacho. Jichunguze na hapo.

Mtu wangu katika kitabu hiki si Anne wala Gilbert, ni Marilla. Anamlea mtoto kwa ukali, hacheki ovyo, habusu ovyo. Karibu na mwisho, Matthew amefariki ghafla kwa mshtuko wa kusoma gazetini kwamba benki iliyoshika akiba yao imefilisika, nyumba imebaki na wanawake wawili. Jioni moja Marilla anasema alimwona Gilbert kanisani, amekuwa kijana mzuri, anafanana na baba yake, John, alipokuwa na umri ule. Halafu, kama mtu anayetoa kitu sandukuni, anasema yeye na huyo John walikuwa wakipendana. Wakagombana. John alikuja kuomba radhi, naye alitaka kumsamehe, lakini alikusudia kumwadhibu kidogo kwanza. John hakurudi tena. Alioa mwingine, na Gilbert ni mwanawe.

Angalia alivyoishia hapo. Hakumwambia Anne, basi nenda ukamsamehe mtoto wa watu. Hakumlinganisha na yeye. Alimpa habari yake iliyokuwa imekaa kifuani maisha mazima, akaendelea na mambo mengine. Sisi wazee wenye maneno mengi tunapaswa kumwonea gere.

Kinachowapatanisha Anne na Gilbert ni kazi, tena ya ualimu. Wote wawili wamemaliza chuo. Anne ameshinda ufadhili wa kwenda chuo kikuu, lakini macho ya Marilla yanaharibika na shamba linataka kuuzwa, kwa hiyo anaukataa ufadhili abaki nyumbani. Anahitaji shule ya karibu, na ile ya kijijini ameshapewa Gilbert. Gilbert akisikia, anakwenda kwa wajumbe wa shule, anaondoa ombi lake, anawaambia wampe Anne, naye anachukua shule ya White Sands iliyo mbali, ambako atalazimika kulipia malazi na chakula, wakati fedha za chuo anajitafutia mwenyewe. Wala haendi kumwambia Anne. Anne analipata kwa jirani. Wanapokutana njiani jioni, Anne ndiye anayemsimamisha na kumpa mkono, na anakiri kwamba moyoni alishamsamehe tangu siku ile ya bwawani, ila hakujijua.

Mkono ule haukuvutwa na pipi, wala na kuokolewa majini. Ulivutwa na nafasi iliyoachwa wazi. Darasa lilikuwa mahali alipoaibishwa Anne, na alichorudishiwa ni darasa, safari hii akiwa yeye ndiye mwenye chaki.

Sasa nije kwenye ile sentensi uliyoiandika ukafuata na kicheko: kwamba labda umkubalie mshenga aje, wazee wakae, barua ifunguliwe, halafu useme hapana mbele ya wajomba zake wote, ili naye aonje. Unasema ni mzaha. Nimemzaa aliyekuzaa, naujua mzaha wenu.

Soma Wuthering Heights. Emily Brontë alikitoa mwaka 1847 kwa jina la kuazima la Ellis Bell, na kisa chenyewe alikirudisha nyuma, kinaishia mwaka 1802, huko nyanda za upepo za Yorkshire. Mzee Earnshaw anamwokota mtoto asiye na kwao katika mitaa ya Liverpool, anampa jina Heathcliff, anamlea pamoja na wanawe. Hindley, mwanawe wa kiume, anamwonea. Kuna siku wanagombania farasi, Hindley anamtupia jiwe la chuma la mizani, linampiga kifuani. Baba akishakufa, Hindley anamwondoa Heathcliff kwenye masomo na kumtupa kwa watumishi wa shamba. Heathcliff hasahau. Anatoweka miaka mitatu, anarudi ana fedha, anamwingiza Hindley kwenye kamari mpaka nyumba na ardhi vinawekwa rehani kwake. Hindley anakufa mlevi. Hapo mtu angedhani deni limelipwa. Lakini Hindley ameacha mtoto, Hareton, na Heathcliff anamlea vile vile alivyolelewa yeye: bila kitabu, bila adabu, kibarua katika nyumba ya ukoo wake.

Juu ya mlango wa nyumba hiyo kumechongwa mwaka 1500 na jina la babu aliyeijenga, Hareton Earnshaw. Ni jina lake yule kijana. Anapita chini yake kila siku na hawezi kulisoma.

Anatokea binamu yake, Catherine, msichana aliyesoma na aliyezoea kubembelezwa. Hareton anampenda, na anaanza kujifunza herufi kwa siri. Siku moja anamsimamisha mlangoni, ananyoosha kidole juu, anamsomea jina, akijikokota silabi kwa silabi. Catherine anamuuliza, na tarakimu je? Hareton hajazifikia bado. Msichana anacheka, anamwita mjinga. Mke mwenzangu, nilipofika hapo mara ya kwanza niliwaza watu wengi, wewe hukuwa umezaliwa. Sasa nikifika hapo nakuwaza wewe.

Kwa hiyo Catherine katika sehemu hii ndiye mwonevu, ingawa naye ameonewa: Heathcliff amemfungia mle ndani, amemwoza kwa nguvu kwa mwanawe mgonjwa, na kwa njia hiyo amechukua urithi wake. Sheria niliyokueleza mwanzo iko kazini pale. Hatimaye, akiwa mjane katika nyumba ile, anachoka kuishi na Hareton kama paka na panya. Anamwomba radhi kwa mdomo, Hareton anamfukuza. Basi anachukua kitabu kizuri, anakifunga kwa karatasi nyeupe na utepe, juu yake anaandika jina la Hareton kwa heshima ya bwana, anampa Nelly mtumishi ampelekee na ujumbe: akikipokea nitakuja kumfundisha kukisoma vizuri, akikikataa nitakwenda zangu juu na sitamchokoza tena. Hareton hakipokei wala hakitupi. Kinalala magotini pake. Catherine anakwenda kukaa karibu yake, na masomo yanaanza.

Alimnyang'anya kusoma, akamrudishia kusoma. Na usilipite lile neno la pili la ujumbe: ukikataa, nitakuacha kwa amani. Huyo kijana wako ukimjibu hapana, atakuacha kwa amani? Mjaribu kwa hapana ndogo kabla ya kubwa.

Na Heathcliff? Anakuja kuwaona wale wawili vichwa vyao vimeinamia kitabu kimoja, uwezo wa kuwaangamiza anao, hamu imemwisha. Aliyemtesa amekwisha kufa zamani, na yeye ametumia umri wake kumtesa mtoto ambaye hata siku ile ya jiwe la mizani hakuwa amezaliwa. Ukimwalika mshenga kwa nia ile, utakaowaaibisha ni wajomba zake waliofunga safari na mama yake aliyewapikia. Yeye atapata kisa cha kuwahadithia marafiki.

Mnaweza pia msikutane kabisa, na bado ukawa umesamehe. Jane Eyre wa Charlotte, dada yake Emily, kitabu cha mwaka huo huo wa 1847, kinaanza na John Reed wa miaka 14 akimrushia kitabu Jane wa miaka 10 na kumpasua kichwa, na mke wa mjomba wake, mama wa John, anamfungia Jane badala ya mwanawe. Miaka inapita, John anajiangamiza kwa madeni na anasa huko London, mama yake yuko kitandani anakufa, anamwita Jane. Anamkiria kwamba aliwahi kumwandikia ami wa Jane, aliyetaka kumrithisha, kwamba mtoto amekufa. Jane anamsamehe na kumwomba wapatane. Yule mama anageuza uso. Jane hambembelezi. Msamaha wake anauacha pale pale, anarudi kwenye maisha yake. John mwenyewe hakuwahi kuomba chochote, na hakuna ukurasa unaomdai Jane amlilie.

Basi fanya hivi. Mshenga asije mwezi huu wala ujao. Mama yako nitaongea naye mimi, maana naona ameshaanza kuulizia bei ya vitenge. Huyo kijana mwambie unahitaji muda, na usimweleze sababu. Kama yuko tayari kuja, mkutane mchana mahali penye watu, binamu yako akae meza ya pili. Mzungumze. Kigugumizi hakijakuisha, umejifunza tu kuyazunguka maneno yanayokukwamisha, na siku hiyo usiyazunguke. Lenga neno gumu, ukwame, umwangalie. Wapo watu wanaokumalizia neno kwa wema, nao wanakosea, lakini wanafundishika. Wapo wanaotazama pembeni. Wapo wanaongoja. Ukiona tabasamu lile la dawati la nyuma, chukua mkoba wako uondoke, nauli nitakurudishia.

Na akingoja vizuri, akaandika na ule mstari kundini, bado hujaahidi ndoa. Ndiyo maana nataka usisimame kwenye kitabu cha kwanza cha Montgomery. Soma Anne of the Island, cha mwaka 1915. Wako chuo kikuu, marafiki wa dhati, ugomvi umekwisha kabisa, Gilbert anamposa, na Anne anamkataa. Alishamsamehe, hana kinyongo hata chembe, na bado anasema hapana, na mwandishi hamwoni kuwa na hatia yoyote. Kisha anatokea Roy Gardner, anamkinga mvua kwa mwavuli wake, mrefu, mweusi wa nywele, tajiri, anatunga mashairi, kama aliyekatwa kutoka kwenye riwaya yako ya simu. Karibu miaka miwili anamtembelea, na siku anapomposa, Anne anagundua kwamba hamtaki. Gilbert inabidi angoje, augue homa ya matumbo karibu afe, na aombe upya kama mtu asiye na haki yoyote. Harusi yao imo kwenye kitabu kingine tena, cha 1917.

Mjomba wako anapanda basi Ijumaa kuja huko, nimempa kile cha kwanza na hicho cha 1915. Wuthering Heights nakala yangu imeng'oka jalada, itafute maktaba. Na mzigo wa samaki wakavu ni wa mama mwenye nyumba wako, usiufungue.

Bibi yako